Dume la mbegu: Mnunuzi alipia nundu, asahau mbegu

MVUA zinapokaribia katika mikoa ya kati, minadani huonekana mnunuzi wa aina nyingine. Huyu hatafuti ng'ombe wa kuchinja, wala hasumbuki kujua kilo inauzwaje Pugu. Anatafuta dume la mbegu. Majani yakichipua, majike yatanenepa na kuanza kuingia kwenye joto, na yeye anataka dume awe zizini kabla ya hapo.

Mnunuzi huyo humzunguka dume mara mbili tatu. Hutazama nundu, kifua, urefu wa mgongo na rangi, kisha huuliza kama ni Borani halisi au ni chotara. Dalali hutaja bei, watu huvutana, fedha huhesabiwa na ng'ombe hupakiwa. Katika shughuli yote hiyo hakuna aliyeuliza kama dume huyo anaweza kutia mimba.

Ni biashara ya ajabu. Mtu anayenunua pikipiki iliyotumika huwasha injini kwanza. Anayenunua mashine ya kusaga hutaka kuona unga. Lakini anayetoa shilingi milioni mbili au tatu kwa ajili ya dume la mbegu huridhika na umbo, wakati mbegu ndiyo bidhaa yenyewe. Umbo zuri humpendeza pia mchinjaji, na mchinjaji hailipii mbegu hata senti moja.

Kasoro hii inawaumiza wawekezaji wadogo kuliko mtu mwingine yeyote. Ranchi kubwa yenye madume 20 ikipata mmoja mbovu, hasara humezwa na wengine 19. Kikundi cha watumishi 10 waliochanga fedha, wakanunua mitamba 25 na dume mmoja, kimeweka yai lake moja kwenye kapu moja. Dume huyo akishindwa, hakuna mwingine wa kuziba pengo. Kama fedha zilitoka SACCOS, marejesho ya kila mwezi hayatasubiri ndama wazaliwe.

Jambo ambalo wanunuzi wengi hawalifahamu ni kwamba dume tasa kabisa si tatizo kubwa. Huyo hujulikana mapema, kwa sababu majike yote hurudia joto na mwenye mali hushtuka. Hatari iko kwa dume mwenye uwezo nusu. Huyo hupanda vizuri, hunguruma, hupigana na madume wa jirani na hupata ndama wachache. Mwenyewe huona ndama hao na kuamini mambo yako sawa, kisha hulaumu malisho, mitamba au mchungaji.

Hesabu yake si ngumu. Jike asiyeshika mimba hurudia joto baada ya siku 21 hivi. Msimu wa kupandisha wa siku 63 kwa hiyo humpa kila jike nafasi tatu. Chukua dume mzima anayetia mimba asilimia 60 ya majike kila mzunguko. Katika majike 25, baada ya mizunguko mitatu, 23 watakuwa na mimba. Sasa chukua dume mwenye uwezo nusu ya huyo, yaani asilimia 30 kwa mzunguko. Mwisho wa msimu ule ule majike wenye mimba watakuwa 16 tu. Tofauti ni ndama saba. Ukimkadiria ndama aliyeachishwa kunyonya kwa shilingi 400,000, kikundi kimepoteza shilingi 2,800,000. Kama dume alinunuliwa kwa shilingi 2,500,000, hasara ya msimu mmoja imepita bei yake.

Na hapo bado suala la kuchelewa halijaguswa. Kwa dume mzima, majike 15 kati ya 25 hushika mimba katika mzunguko wa kwanza. Kwa yule wa uwezo nusu ni saba au wanane. Wengine hushika baadaye, na ndama wao huzaliwa wiki tatu au sita baada ya wenzao. Ndama anayeongezeka nusu kilo kwa siku, akichelewa kuzaliwa siku 42, siku ya kuuzwa atakuwa na upungufu wa kilo 21. Mnunuzi wa ndama haulizi kwa nini huyu ni mdogo. Anapunguza bei tu.

Swali linalofuata ni hatari hiyo ni kubwa kiasi gani. Katika nchi kama Marekani, ambako upimaji wa madume umekuwa jambo la kawaida kwa miaka mingi, makadirio yanayotumiwa sana na wataalamu ni kwamba, katika madume ambao hawajachujwa, takriban mmoja kati ya watano hafikii kiwango. Hapa ndipo mtu wa hesabu anapaswa kusimama kidogo. Uwezekano wa moja kati ya tano, ukizidishwa kwa hasara ya shilingi 2,800,000, ni shilingi 560,000. Kwa mfano huu, mnunuzi angeweza kulipa hadi kiasi hicho kwa ajili ya kupima na bado asingekuwa amefanya ujinga. Wangapi wamewahi kulipa hata robo yake?

Kipimo chenyewe si uchawi. Daktari wa mifugo huanza kwa kumwangalia dume anavyotembea, kwa kuwa dume mwenye kwato au magoti mabovu hawezi kupanda hata kama mbegu zake ni safi. Hutazama macho, meno na unene wa mwili. Hukagua uume kama una jeraha, uvimbe au kasoro ya maumbile, na hushika korodani kuona kama ni ngumu, laini kupita kiasi, au moja ni ndogo kuliko nyingine. Hupima mzunguko wa korodani kwa utepe. Mwisho huchukua mbegu, aidha kwa kifaa cha umeme au kwa uke bandia, akaziangalia kwa hadubini ili kujua ngapi zinakwenda mbele na ngapi zina umbo sahihi.

Viwango vinavyorejewa sana ni vile vilivyotolewa mwaka 1993 na chama cha wataalamu wa uzazi wa wanyama cha Marekani, Society for Theriogenology. Dume hutakiwa awe na angalau asilimia 30 ya mbegu zinazokwenda mbele na asilimia 70 zenye umbo la kawaida. Korodani zake ziwe na mzunguko usiopungua sentimeta 30 akiwa na umri wa hadi miezi 15, na sentimeta 34 akishavuka miaka miwili. Vipimo hivyo vya utepe vilitungwa kwa ng'ombe wa kule. Ng'ombe wa asili ya zebu hukomaa baadaye, hivyo Borani wa miezi 16 asihukumiwe kana kwamba ni Angus. Daktari anayejua kazi yake atalizingatia hilo. Muuzaji mjanja naye atalitumia kama kisingizio, kwa hiyo mnunuzi aulize umri na aangalie meno.

Utepe huo ni kifaa cha bei ndogo, na unasema mengi kuliko watu wanavyodhani. Ukubwa wa korodani hurithiwa kwa kiwango kizuri. Tena, mabinti wa dume mwenye korodani kubwa huelekea kupevuka mapema zaidi. Mwekezaji anayepanga kubakiza mitamba yake ili kukuza kundi anapata faida hiyo bila kulipa zaidi. Hata mahali ambapo hadubini haipo, utepe, macho na mikono ya daktari vinaweza kuwaondoa baadhi ya wabovu kabla fedha haijatoka mfukoni.

Wapo watakaosema dume wao tayari ana ndama kijijini, kwa hiyo hahitaji kupimwa. Hoja hiyo ina matundu mawili. Kwanza, katika malisho ya pamoja hakuna anayejua kwa hakika baba wa ndama ni nani, na dume wa jirani anaweza kuwa amefanya kazi yote kwa muda mrefu bila kudai shukrani. Matokeo yake hujulikana pale mwenye mali anapojenga uzio, anapojitenga na jirani, na ghafla mimba zinapungua. Pili, ndama wa mwaka jana ni ushahidi wa mbegu za mwaka juzi.

Tundu hilo la pili ndilo linalostahili kueleweka vizuri zaidi. Mbegu ya dume huchukua siku 60 hivi kutengenezwa ndani ya korodani, kisha wiki moja na zaidi kupita kwenye mirija hadi iwe tayari. Kwa hiyo mbegu inayotumika leo ilianza kutengenezwa zaidi ya miezi miwili iliyopita. Dume aliyepata homa kali ya ndigana mwezi Oktoba akatibiwa na kupona, Desemba anaweza kuonekana mzima huku mbegu zake bado zikiwa na kasoro. Joto kali la mfululizo, jeraha la korodani, au kukonda vibaya mwishoni mwa kiangazi huleta matokeo ya namna hiyo hiyo. Ng'ombe ana nundu iliyosimama na manyoya yanayong'aa, lakini ghala lake lina bidhaa iliyoharibika.

Ndiyo sababu wataalamu hushauri dume apimwe miezi miwili hivi kabla ya msimu. Akionekana ana kasoro ya muda, kuna nafasi ya kumtunza na kumpima tena. Akionekana hafai kabisa, kuna nafasi ya kutafuta mwingine na wa kwanza kumpeleka buchani akiwa bado na nyama. Na ndiyo sababu pia cheti cha mwaka jana ni karatasi tu. Mfanyabiashara hakubali mizania ya miaka miwili iliyopita anapotaka kununua hisa, basi asikubali cheti cha zamani cha dume.

Wengine hujikinga kwa kununua madume wawili. Si kinga ya kutegemewa. Madume wakiwekwa pamoja, mmoja hutawala, naye huwafukuza wenzake kwa majike walio kwenye joto. Anayetawala kwa kawaida ni mkubwa na mzee zaidi, na hakuna sheria ya asili inayosema ndiye mwenye mbegu bora. Kikundi kikawa kimenunua dume wa pili ili akae pembeni akitazama mwenzake mwenye uwezo nusu akipanda majike yote.

Ni haki kusema pia kile ambacho kipimo hakisemi. Kufaulu hakuonyeshi kama dume ana hamu ya kupanda. Hilo huonekana kwa kumweka karibu na jike aliye kwenye joto na kumwangalia. Vilevile, kipimo cha kawaida cha mbegu hakigundui magonjwa ya uzazi. Trikomoniasisi na kampilobakteria hukaa kwenye ngozi ya uume wa dume bila yeye kuonyesha dalili yoyote, kisha akaambukiza jike mmoja baada ya mwingine. Majike hushika mimba, huitoa changa bila mtu kuona, na hurudia joto. Vipimo vya magonjwa hayo, pamoja na kile cha brusela, lazima viagizwe peke yake, na dume anayetoka katika kundi lenye historia ya kutupa mimba hapaswi kupita bila vipimo hivyo hata kama bei yake ni ya kutupa. Pengine hasa kama bei yake ni ya kutupa.

Upande mwingine wa soko la mbegu umeshajifunza somo hili. Mrija mmoja wa mbegu za uhimilishaji, kutoka Kituo cha Taifa cha Uhimilishaji cha Usa River au kwingineko, hutokana na mbegu zilizoangaliwa kwa hadubini kabla hazijagandishwa, na baadhi ya mirija huyeyushwa ili kuhakikisha mbegu zimenusurika. Mrija huo bei yake ni sehemu ndogo sana ya bei ya dume hai. Bidhaa ya bei ndogo inakaguliwa, ile ya mamilioni inapita mnadani kwa kupigwa kofi la mgongo. Uhimilishaji nao una taabu zake, kwani unahitaji mtu wa kutambua joto kwa wakati, mhimilishaji aliye karibu na gesi ya naitrojeni, na kwa ng'ombe wa nyama walio mbali porini mambo hayo ni magumu. Kwa hiyo dume hai ataendelea kuwapo, na kumpima hakukwepeki.

Lawama zote haziwezi kubebeshwa wanunuzi. Muuzaji anayepima madume wake leo hapati faida yoyote ya wazi, kwa kuwa mnadani dume wake atasimama karibu na asiyepimwa na wote wawili watapewa bei kwa nundu. Ataonekana mjinga aliyeongeza gharama. Soko lisilotofautisha bidhaa nzuri na mbovu huwafukuza wauzaji wa bidhaa nzuri. Waliosoma biashara wanalijua jambo hilo kwa mfano wa magari yaliyotumika, na ng'ombe hawana tofauti.

Dawa yake iko kwenye malipo. Mnunuzi aseme wazi kwamba dume mwenye cheti cha karibuni, chenye saini ya daktari wa mifugo aliyesajiliwa na namba ya hereni ya ng'ombe husika, atamlipia zaidi, na asiye na cheti atamlipia bei ya nyama, basi. Namba ya hereni si urembo. Bila namba hiyo, cheti cha dume mmoja kinaweza kuuza madume watano. Sheria ya Utambuzi, Usajili na Ufuatiliaji wa Mifugo ya mwaka 2010 imeshatoa msingi wa kumtambua kila mnyama, na ni uvivu wa soko kutoutumia.

Njia nyingine ni kuzuia sehemu ya fedha. Kwa mfano, robo tatu ilipwe siku ya kuchukua ng'ombe, na robo moja ibaki hadi majike yapimwe mimba. Daktari mwenye mkono mzoefu anaweza kutambua mimba jike akiwa na miezi miwili au mitatu. Wauzaji watalalamika kwamba mnunuzi anaweza kumdhoofisha dume kwa njaa au kumwacha augue, kisha akadai fedha zake. Lalamiko hilo ni la haki, na jibu lake ni dume kupimwa siku ya makabidhiano mbele ya pande zote mbili, gharama zigawanywe. Kinachotokea baada ya hapo kitajulikana ni cha nani.

Wapo pia wasiojua kwamba sheria inaweza kuwasaidia. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inatambua kwamba mnunuzi akimweleza muuzaji kazi anayotaka bidhaa iifanye, na akategemea ujuzi wa muuzaji ambaye ndiyo biashara yake, linakuwapo sharti kwamba bidhaa ifae kwa kazi hiyo. Lakini ni nani atathibitisha yaliyosemwa kati ya vumbi la mnada? Neno moja kwenye stakabadhi, "ameuzwa kwa ajili ya kuzalisha", lingebadilisha hali ya mnunuzi mbele ya hakimu. Stakabadhi nyingi husema "ng'ombe dume mmoja, mwekundu".

Serikali nayo imekuwa ikigawa madume bora kwa vikundi vya wafugaji, na ranchi zake pamoja na mashamba ya kuzalisha mitamba ni wauzaji wakubwa wanaoaminika. Hapo ndipo pa kuanzia. Kila dume anayetoka katika mashamba hayo akitoka na cheti kilichobandikwa wazi, wauzaji binafsi watalazimika kufuata, kwa sababu mnunuzi atakuwa amezoea kukiuliza.

Kuhusu vifaa, ni kweli kwamba kifaa cha kuchukulia mbegu na hadubini nzuri havipatikani kila wilaya, na kumleta daktari kutoka mbali kwa ajili ya dume mmoja ni gharama. Vikundi vitano vya jirani vikikusanya madume yao siku moja kwenye josho moja, safari ya daktari ni moja na nauli inagawanywa. Wafanyabiashara wa mahindi hukodi lori kwa pamoja bila kusubiri semina.

Kwa mwenye nia ya kupandisha kuanzia Januari, ili ndama wazaliwe Oktoba na Novemba mvua zikikaribia, siku ya kupima ni mwanzoni mwa Novemba. Atakayeahirisha hadi baada ya Krismasi atakuta madume wanaofaa wameshachukuliwa, daktari yuko likizo, na dalali ana dume mmoja tu aliyebaki, mwenye nundu nzuri sana.